Pipa Likiwa Mbali, Chupa Huishia Mtaroni

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulifanya karibu kila siku bila kulifikiria: mahali tunapoiacha chupa tupu ya maji au ya soda tukiwa nje ya nyumba zetu. Pengine utauliza, chupa ya plastiki inahusiana nini na afya? Inahusiana sana, kama tutakavyoona.

Tuanze na picha tunayoifahamu sote. Ni siku ya Kipaimara. Misa imekwisha saa saba mchana, jua ni kali, na uwanja wa kanisa umejaa wazazi, wasimamizi, watoto na wageni kutoka vigangoni. Maji na soda vinagawiwa chini ya miembe. Ikifika saa kumi watu wameondoka. Chini ya miembe zimelala chupa za plastiki. Nyingine zimo katikati ya maua, nyingine zimepangwa vizuri juu ya ukuta kana kwamba wenyewe watarudi kuzichukua, na nyingi zimo ndani ya mtaro wa maji ya mvua. Pipa la chupa lipo. Limewekwa nyuma ya jiko la parokia, hatua themanini kutoka miembeni, na ndani yake mna chupa sita. Jumapili inayofuata mwenyekiti anasimama wakati wa matangazo na kusema kwamba waumini hawana ustaarabu.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Watu hao hao nyumbani kwao hufagia uwanja kila asubuhi. Mama aliyeiacha chupa chini ya mwembe hawezi kuiacha sebuleni kwake hata kwa dakika kumi. Basi kuna jambo jingine zaidi ya ustaarabu, nalo ndilo tunalotaka kulichunguza hapa.

CHUPA TUPU NA MAGONJWA

Chupa iliyotupwa haikai bure. Mvua ikinyesha, chupa iliyokatika, kopo, kifuu au kizibo kikubwa hushika maji kidogo. Maji hayo yanatosha kabisa kwa mbu aina ya Aedes, yule mwenye mabaka meupe miguuni ambaye hupenda kuuma mchana. Huyu ndiye aenezaye homa ya kidingapopo, ambayo siku hizi wengi huiita dengue. Tofauti na mbu wa malaria, yeye hazai sana katika madimbwi ya wazi. Hupenda vyombo vidogo vilivyo karibu na watu: makopo, ndoo, matairi ya zamani na vyungu vya maua. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua inaporudi. Katika hali ya joto, siku saba hadi kumi zinatosha yai kuwa mbu kamili.

Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko wa ugonjwa huu mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha, hupumzika na hutumia paracetamol kupunguza homa. Asipewe aspirini wala ibuprofen, kwa maana dawa hizo huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Akiumwa tumbo kwa nguvu, akitapika mfululizo, au akitokwa damu puani au kwenye fizi, apelekwe hospitali mara moja.

Madhara ya pili ni mitaro kuziba. Chupa na mifuko hukusanyika kwenye makalavati, mchanga hujishikiza hapo, na mvua kubwa inapokuja maji hayana pa kupita. Huingia majumbani yakiwa yamechanganyika na uchafu wa vyoo, na hapo kipindupindu na kuhara hupata njia. Nchi ya Bangladesh ililijua hili kwa uchungu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998, ilionekana kwamba mifuko ya plastiki ilikuwa imeziba mifereji, na mwaka 2002 serikali yake iliipiga marufuku. Kwetu, Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini marufuku hayo yaliihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Chupa za plastiki tunaendelea kuzinunua na kuzitupa.

Madhara ya tatu ni moshi. Chupa zilizotapakaa hufagiwa zikarundikwa na kuchomwa moto jioni, mara nyingi karibu na nyumba au shule. Moshi wa plastiki huwasha macho na koo, na huwadhuru zaidi watoto, wazee, na wenye pumu. Baadhi ya plastiki zikichomwa hutoa sumu ambazo hubaki mwilini kwa miaka mingi. Anayechoma taka hudhani amezimaliza, kumbe amewagawia majirani.

Chupa hiyo hiyo ingeingia kwenye pipa lake, ingeuzwa kwa kilo, ikasagwa, ikaoshwa na kurejelezwa. Chupa nyingi za maji na soda zina alama ya pembetatu yenye namba 1 sehemu ya chini. Plastiki ya aina hiyo hufanywa nyuzi za nguo, za kujazia mito na magodoro, au hufanywa chupa nyingine. Kwa hiyo kati ya ugonjwa na faida kuna umbali wa hatua chache tu, yaani hatua za kwenda kwenye pipa.

KWA NINI MTU MSAFI HUTUPA OVYO?

Mfikirie mama aliyetoka kanisani. Mgongoni amebeba mtoto, mkono mmoja ameshika mkoba na kitabu cha nyimbo, mkono wa pili ameshika mtoto mwingine. Daladala inapiga honi. Mtoto amemaliza maji na anamkabidhi chupa. Mama ana nafasi ya sekunde tano hivi kuamua. Pipa likiwa pale getini anapopita, chupa itaingia. Likiwa nyuma ya jiko, mama hatarudi nyuma hatua themanini, hata kama amesikia mahubiri kumi juu ya usafi. Hakuamua kuchafua mazingira. Alishindwa na umbali.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2013 nchini Marekani ulitolewa utafiti ambao watafiti wake waliwatazama watu 9,757 katika sehemu 130 za nje, kama vile bustani, vituo vya mafuta na maegesho, bila wenyewe kujua kwamba wanatazamwa. Katika kila mara mia ambazo watu walitupa kitu, mara 17 hivi walikitupa ovyo. Mambo mawili ya mahali penyewe yalijitokeza. Kwanza, kadiri pipa lilivyokuwa mbali ndivyo watu wengi zaidi walivyotupa chini. Pili, mahali palipokwisha kuchafuliwa palizidi kuchafuliwa. Hili la pili hata sisi tunalijua: chupa ya kwanza mtaroni huita ya pili, na ya pili huita ya kumi.

Huko Kanada nako, katika mji wa Vancouver, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walifanya jaribio katika majengo ya ghorofa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika nyumba za familia, mapipa ya mabaki ya chakula yalihamishiwa kwenye kila ghorofa badala ya kuwekwa chini, na kiasi cha mabaki yaliyotengwa kikaongezeka kwa asilimia 70. Katika bweni la wanafunzi, mapipa ya makopo na chupa yalisogezwa mpaka karibu na milango ya vyumba, na kiasi kilichorejelezwa kikaongezeka kwa asilimia 147, yaani zaidi ya mara mbili. Kilichobadilika ni mahali pa pipa. Wakazi hawakuhitaji kwanza kubadilishwa mioyo ili watenge taka.

Hapa kwetu ushahidi uko ndani ya basi. Abiria wa safari ndefu hununua maji na karanga stendi, huvila njiani, kisha hubaki na chupa na karatasi mikononi. Ndani ya basi hakuna ndoo ya taka. Kitu kilicho karibu naye ni dirisha. Ndiyo maana kando ya barabara zetu kuu chupa zimetapakaa hata mahali ambapo hakuna nyumba wala duka. Basi ambalo kondakta wake ametundika mfuko wa taka mlangoni na kuupitisha kati ya viti kabla ya kufika stendi, abiria wake huweka humo chupa zao bila kulazimishwa.

FUNZO LA CHUPA YA KIOO

Wazee watakumbuka, na vijana wengi bado wanaona madukani, utaratibu wa chupa za soda za kioo. Ukienda dukani, mwenye duka anauliza, "Una chupa?" Kama huna, unakunywa hapo hapo au unaacha hela ya chupa. Ukirudisha chupa unapewa hela yako. Kreti ikijaa chupa tupu, gari linalokuja kuleta soda ndilo hilo hilo linalozibeba kuzirudisha kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena.

Sasa jiulize: ni mara ngapi umeona chupa nzima ya soda ya kioo imelala mtaroni? Ni mara chache sana. Na chupa ya plastiki je? Huwezi kuzihesabu. Lakini soda ni ile ile, mtaa ni ule ule, na wanywaji ni wale wale. Yeyote anayesema watu wetu hawawezi kurudisha chupa, asisahau kwamba tumezirudisha kwa miaka mingi.

Utaratibu huo ulifaulu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba chupa tupu ilikuwa na thamani mkononi mwa mnywaji. Ya pili, ambayo mara nyingi tunaisahau, ni kwamba mahali pa kurudishia palikuwa pale pale pa kununulia. Hukutakiwa kusafiri wala kutafuta ofisi. Mtoto aliyetumwa soda alikwenda na chupa na kurudi na chupa.

Nchi nyingine zimeitumia njia hiyo hata kwa chupa za plastiki na makopo. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria ya amana ya chupa mwaka 1971. Ujerumani ilianza tarehe 1 Januari 2003 kutoza amana kwenye vyombo vya vinywaji vya kutumika mara moja. Mnunuzi hulipa senti 25 za Euro zaidi, na hurudishiwa anapopeleka chombo kwenye mashine iliyoko katika maduka yanayouza vinywaji hivyo. Zaidi ya vyombo tisa katika kila kumi hurudi. Tazama kwamba mashine iko dukani, mahali ambapo mtu angekwenda hata hivyo kununua mkate.

TUNDU LA DUARA

Kusogeza pipa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kumrahisishia mtu kufikiri. Anayetembea haraka hasomi tangazo lenye mistari sita. Akiona mapipa matatu yanayofanana, ataweka chupa kwenye lililo karibu, na ganda la ndizi litafuata humo humo. Chupa zikishachanganyika na mabaki ya chakula na nepi za watoto, hakuna mnunuzi atakayezitaka.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sean Duffy na Michelle Verges, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi lililofanyika katika majengo ya chuo. Waliweka mapipa yenye mifuniko maalumu: lile la chupa na makopo lilikuwa na tundu la duara, na lile la karatasi lilikuwa na mwanya mwembamba. Kwa mifuniko hiyo peke yake, vyombo vya vinywaji vilivyorejelezwa viliongezeka kwa asilimia 34, na taka zisizostahili ndani ya mapipa hayo zilipungua kwa asilimia 95. Tundu lenyewe lilimwambia mtu nini kiingie, naye hakuhitaji kusoma.

Fundi seremala yeyote wa mtaani kwako anaweza kutoboa tundu la duara la upana wa sentimita 10 kwenye kipande cha ubao. Chupa ya nusu lita na ya lita moja na nusu zitapita. Sahani ya wali haitapita.

URAHISI PEKE YAKE HAUTOSHI

Tusidanganyane kwamba pipa likisogezwa kila kitu kimekwisha. Kuna mambo yanayoweza kuharibu kazi yote.

La kwanza ni pipa lisilomwagwa. Likijaa na kufurika, watu hurundika chupa pembeni, nzi huja, na baada ya majuma mawili pipa hilo limekuwa jalala. Heri mapipa mawili yanayotunzwa kuliko kumi yaliyosahauliwa.

La pili ni imani kuvunjwa. Watu wametenga chupa upande huu na taka upande ule, kisha wanaona mkokoteni unakuja na kumwaga vyote pamoja. Aliyeona hivyo mara moja hatasumbuka kutenga tena, na ana haki. Kabla ya kuweka pipa la chupa, kwanza tafuta mnunuzi au mkusanyaji atakayezichukua, na siku atakazokuja.

La tatu ni malezi. Japani inatufundisha hapa. Tarehe 20 Machi 1995 watu waliokuwa na nia mbaya walitoa gesi ya sumu aina ya sarin ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo. Kwa sababu za usalama mapipa mengi ya taka yaliondolewa vituoni na mitaani. Wageni hushangaa kwamba mji huo ulibaki safi, kwa kuwa watu wengi hubeba taka zao mpaka nyumbani. Watoto wao huzoezwa tangu shule kusafisha madarasa yao wenyewe. Lakini hata huko, kando ya mashine nyingi za kuuzia vinywaji kumewekwa pipa lenye matundu ya duara kwa ajili ya chupa na makopo. Mazoea mema yapo, na bado yanasaidiwa na urahisi.

Kwa hiyo mahubiri na pipa haviwezi kushindana. Mahubiri humpa mtu nia, nalo pipa lililo karibu huipa nia hiyo mahali pa kutendeka. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitaja kutenga taka kuwa mojawapo ya matendo madogo ya kila siku ya kuutunza ulimwengu. Ni wajibu wetu kuyafanya matendo hayo madogo yawezekane kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

TUFANYE NINI KATIKA PAROKIA NA MTAA WETU?

Hapa tunatoa mashauri ambayo Halmashauri ya Walei, WAWATA, VIWAWA au Jumuiya moja tu inaweza kuyaanza bila fedha nyingi.

1. Hesabuni kwanza. Jumapili moja baada ya Misa, watoto wahesabu chupa zilizotupwa chini na zilizo ndani ya pipa, na waandike mahali zilipopatikana. Mtagundua kwamba chupa hazitupwi kila mahali. Hutupwa mahali watu wanapomalizia kunywa: chini ya miti, kwenye benchi la nje, getini na kituo cha daladala.

2. Wekeni pipa pale chupa inapokuwa tupu. Msiliweke mahali linapofichika ili lisionekane na wageni. Njia ya kutokea ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu kila mtu hupita hapo.

3. Mapipa yawe mawili mawili, moja la chupa na moja la taka nyingine, yakiwa yamekaa bega kwa bega. Pipa la chupa likikaa peke yake litajazwa kila aina ya uchafu, na pipa la taka likikaa peke yake litameza chupa zote.

4. Wekeni alama isiyohitaji kusomwa. Toboeni tundu la duara, kisha fungeni chupa tupu halisi kwa waya juu ya pipa. Hata mtoto asiyejua kusoma, na mgeni asiyejua lugha, ataelewa.

5. Hakuna fedha za pipa? Pigilieni nguzo nne za miti na kutundika gunia au wavu. Wavu una faida kwamba watu huona chupa zilizomo, na maji ya mvua hayatuami. Mkitumia pipa la bati au la plastiki, litoboeni matundu chini na kulifunika, la sivyo pipa la kuzuia mbu litakuwa nyumba ya mbu.

6. Waombeni watu wamwage maji yaliyobaki, waikunje chupa na kufunga kizibo. Chupa ni nyepesi lakini hula nafasi. Kilo moja huhitaji chupa za nusu lita hamsini au zaidi, hivyo zisipokunjwa pipa litajaa kabla hamjapata kilo mbili.

7. Chagueni mtu wa kumwaga, na siku ya kumwaga. Fedha zitakazopatikana zitajwe wakati wa matangazo, hata kama ni kidogo. Watu wakijua kwamba chupa zao zilinunua dawa ya kusafishia vyoo vya parokia, wataendelea.

8. Hesabuni tena baada ya mwezi. Kama chupa za chini hazikupungua, msianze kulaumu. Sogezeni pipa, mhesabu tena.

Utaratibu huu huu unafaa shuleni, sokoni, kwenye uwanja wa mpira na stendi. Wenye mabasi waanze na mfuko mmoja mlangoni. Wenye vibanda vya maji na soda waweke gunia kando ya kibanda, kwa maana wengi humalizia kinywaji chao wakiwa bado wamesimama pale pale.

TUWAJALI WANAOOKOTA CHUPA

Katika miji yetu kazi kubwa ya urejelezaji inafanywa na watu maskini wanaopita na magunia wakiokota chupa. Bila wao mitaro yetu ingekuwa imeziba zaidi. Lakini sisi huwafanya wachimbe kwa mikono ndani ya taka zilizochanganyika na vipande vya vioo, nyembe na hata sindano. Hapo huweza kupata pepopunda, na sindano iliyotumika huweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI.

Katika baadhi ya miji ya Ujerumani zimefungwa pete au rafu nje ya mapipa ya taka ili mtu asiyetaka kurudisha chupa yake aiweke hapo, na anayeikusanya aichukue bila kuingiza mkono kwenye uchafu. Ni heshima ndogo, na sisi pia tunaweza kuitoa. Chupa zikitengwa tangu mwanzo, mwokotaji hana haja ya kuchimba. Yeye naye atafute glavu nene na viatu vya kufunika mguu, aulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda, na akichomwa na sindano aoshe jeraha kwa maji na sabuni na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja.

Mgonjwa anayejidunga sindano nyumbani, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye kisukari, asitupe sindano kwenye pipa lolote la hadharani. Aziweke ndani ya chombo kigumu chenye mfuniko na kuzirudisha zahanati. Na makopo yaliyokuwa na dawa za wadudu au za mashamba yasichanganywe na chupa za maji, wala yasioshwe ili kuwekea maji, mafuta au uji.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto hujifunza kwa kutazama. Ukitupa chupa dirishani kwenye daladala, umemfundisha somo ambalo mwalimu atahangaika nalo mwaka mzima. Mnapotoka safari, chukueni mfuko mmoja mtupu wa kuwekea taka zenu mpaka mtakapokuta pipa. Huo ndio urahisi wa kubeba wenyewe: pipa halipo karibu, lakini mfuko upo. Nyumbani wekeni gunia la chupa karibu na mlango wa jiko, kwa sababu likiwekwa nyuma ya banda la kuku hakuna atakayelikumbuka.

Kila Jumamosi, watoto wazunguke nyumba pamoja na mzazi, wamwage maji yaliyotuama kwenye makopo, matairi, vifuu na visahani vya maua, na kusugua pembe za vyombo mayai ya mbu yanaposhika. Kazi hiyo huchukua robo saa tu, na ikifanywa kila juma mbu hapati siku za kutosha za kukua.

Tumrudie mwenyekiti wetu wa mwanzo. Alikuwa na sababu ya kukasirika, maana mtaro ulikuwa umeziba na masika yalikuwa karibu. Lakini hasira yake haikuondoa hata chupa moja. Siku ya sikukuu ijayo, kabla ya kushika kipaza sauti kuwalaumu watu, na aende mwenyewe chini ya miembe, asimame na chupa tupu mkononi, kisha ahesabu hatua mpaka kwenye pipa. Zikizidi ishirini, awaite vijana wawili walisogeze.